Pedi na Diski za Breki kwa Pikapu ya Mazao

Wiki iliyopita tulizungumza habari za matairi. Leo tunalivua gurudumu lenyewe tutazame kilicho nyuma yake, yaani breki, na hasa tuone namna ya kuchagua pedi na diski mpya pale za zamani zinapokwisha.

Najua wapo watakaosema, "Bwana huyu naye! Sisi tuna jembe na ng'ombe wawili, pikapu tutaitoa wapi?" Ni kweli, ndugu yangu. Lakini kabichi yako haishuki mlimani kwa jembe. Inashuka kwa pikapu, iwe ya kwako, ya kikundi au ya kukodi, na mara nyingi wewe mwenyewe umekaa ndani yake, au mkeo, au mwanao anayekwenda shule bondeni. Na kama gari ni la kikundi, basi wewe ndiwe unayenyoosha mkono kwenye mkutano pale mweka hazina anapouliza, "Tununue pedi zipi, hizi za bei nafuu au zile za ghali?" Mkono huo usiunyooshe gizani.

Tuanze na kazi ya breki. Pikapu nyingi zina diski kwenye magurudumu ya mbele na drami kwenye ya nyuma. Diski ni sahani nene ya chuma cha kusubu inayozunguka pamoja na gurudumu. Kila upande wa sahani hiyo kuna pedi, kipande chenye mgongo wa chuma na uso wa mchanganyiko mgumu ulioshindiliwa na kuokwa. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki husukuma pistoni, pistoni nayo husukuma pedi, na zile pedi mbili huibana sahani kama koleo la mhunzi. Mwendo wa gari haupotei hivi hivi. Hugeuka kuwa joto, na joto hilo lote huingia katika pedi na diski kabla ya kutoka hewani.

Joto kiasi gani? Chukueni barabara ya kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, njia inayoshusha mboga za Usambara. Ni kilomita zipatazo 33 za kona na makorongo, na unateremka karibu mita 1000. Pikapu yenye uzito wa tani moja na nusu, ikibeba tani moja ya kabichi, inakuwa tani mbili na nusu. Kama breki peke yake ndizo zingeizuia gari hiyo njia yote, joto litakalozaliwa lingetosha kuchemsha zaidi ya madebe matatu ya maji, toka yakiwa baridi mpaka yatokote. Kwa bahati nzuri injini na upepo hubeba sehemu ya kazi hiyo, ila lazima dereva awe katika gia ya chini. Wale wanaoweka gia huru mteremkoni ati wanaokoa mafuta, madebe yote matatu wanayatwika breki. Wenzetu wa Kitonga na Sekenke nao wanayajua haya vizuri.

Mimi mwenyewe niliwahi kushuka njia hiyo katika pikapu ya kikundi kimoja cha wakulima wa mboga. Gari lilijaa kabichi mpaka juu ya mbao, na juu ya kabichi walikaa akina mama wawili, jambo ambalo sheria inakataza na sote tulilinyamazia. Tulipopita Soni nikasikia harufu kama ya mpira unaoungua. Kijana aliyekuwa akiendesha akaniambia kwa sauti ndogo, ili wale wa juu wasisikie, "Mzee, breki nakanyaga lakini haishiki." Mguu wake ulikuwa umekaza, na pedali ilikuwa ngumu kama kawaida, ila gari lilikuwa linakwenda tu. Alikuwa na akili. Akarudisha gia, ya tatu, ya pili, halafu akalisugua gari kwenye ukingo wa mlima, upande wa ndani, mpaka likasimama. Mama mmoja alivunjika mkono. Kabichi zilikwenda bondeni.

Tulipofungua magurudumu tulikuta pedi zina wiki moja tu tangu zifungwe. Zilikuwa mpya! Lakini uso wake ulikuwa umeungua ukang'aa kama kioo, na kipande kimoja kilikuwa kimeanza kubanduka kwenye mgongo wake wa chuma. Diski zilikuwa nyembamba zenye madoa ya buluu. Kikundi kilinunua pedi za bei ya chini kuliko zote dukani, na diski hawakuzipima kabisa. Fundi aliambiwa abadilishe pedi, akabadilisha pedi.

Sasa basi, utajuaje pedi inayofaa?

Kwanza ujue kwamba pedi zinatofautiana kwa mchanganyiko wake. Zipo laini, zilizotengenezwa kwa nyuzi na utomvu wa kiwandani bila chuma kingi. Hizi hazipigi kelele na haziili sana diski, lakini zikipata joto kubwa huchoka mapema. Kwa gari dogo la mjini zinatosha. Zipo zilizochanganywa na unga na nyuzi za chuma kwa wingi. Hizi hustahimili joto zaidi, ila hulia kidogo asubuhi zikiwa baridi, zinatoa vumbi jeusi, na zinaila diski haraka kuliko zile laini. Halafu zipo zinazoitwa za seramiki, safi na kimya, na bei yake iko juu. Kwa pikapu inayoteremka mlima na mzigo, mimi ningechagua zile zenye chuma. Kelele ya asubuhi haimdhuru mtu. Na diski kuliwa haraka kidogo ni gharama unayoiona kwa macho na kuipima, wakati pedi iliyochoka kwa joto hukupa habari ukiwa tayari umo katikati ya kona.

Pili, itoe pedi kwenye boksi uisome. Boksi linaweza kuchapishwa popote na mtu yeyote. Pedi nyingi zina maandishi ubavuni au mgongoni, na mwisho wa maandishi hayo mara nyingi utaona herufi mbili zilizofuatana, kama EE, FE, FF au GG. Hizo herufi hazikuwekwa kwa urembo. Zinaeleza mshiko. Herufi ya kwanza ni mshiko wa pedi ikiwa katika joto dogo, kiasi cha nyuzi 93 za Selsiasi, na ya pili ni mshiko wake ikiwa imepata moto mkali, kiasi cha nyuzi 315. E ni mshiko wa chini kidogo, F wa kati, G wa juu. Kwa hiyo pedi iliyoandikwa FE inashika vizuri ukiwa sokoni, lakini ikipata moto mshiko unashuka. Huko kwenye mteremko ndiko unakouhitaji! Mkulima wa mlimani atafute herufi ya pili isiyopungua ile ya kwanza, na FF ni chaguo la heshima. Herufi hizi hazisemi pedi itadumu muda gani, zinasema mshiko tu.

Pedi nyingine, hasa za soko la Ulaya, zina herufi E ndani ya duara au mstatili, na karibu yake maandishi 90R. Maana yake ni kwamba aina hiyo ya pedi ilijaribiwa ikalinganishwa na pedi ya asili ya gari lile, na utendaji wake hautofautiani na ule wa asili kwa zaidi ya asilimia 15. Ni alama nzuri kuiona. Wapo wanaoghushi alama pia, kwa hiyo usiache kutumia macho yako. Angalia mahali mchanganyiko unapokutana na mgongo wa chuma. Pasiwe na ufa wala uwazi, hata wa kupitisha ukucha. Uso usiwe na mapovu wala kona zilizomeguka. Weka pedi mbili mgongo kwa mgongo: zilingane. Ukikwaruza ubavu kwa ukucha ikatoka unga kama tofali bichi, mrudishie mwenye duka na umwambie asante.

Na pedi za mtumba? Hapana. Hujui zimepitia moto gani wala zimemwagiwa mafuta gani. Hapo sina maneno mengi.

Ukifika wakati wa kubadilisha, usingoje zile za zamani zilie chuma kwa chuma. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi za mchanganyiko, ukiacha mgongo wa chuma. Ikibaki milimita 3, nenda dukani. Pedi nyingi zina kijisikio cha bati kinachogusa diski na kupiga mluzi zinapokaribia kwisha. Dereva anayeongeza sauti ya redio ili asiusikie mluzi huo, mnyang'anyeni ufunguo. Hata kama anasikiliza kipindi chetu.

Haya, sasa diski. Hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea, kwa sababu diski ni chuma, na mtu huona chuma hakiishi. Kinaisha, ndugu mkulima. Kila diski ina kikomo cha unene ambacho chini yake haifai tena, na kikomo hicho kimeandikwa kwenye diski yenyewe, katikati penye kofia yake au ukingoni. Chukua brashi ya waya, ondoa kutu, utaona maandishi MIN TH na namba ya milimita. Tofauti kati ya diski mpya na iliyokwisha mara nyingi ni milimita mbili au tatu tu. Sahani inapokuwa nyembamba inakosa mwili wa kupokea joto, kama vile sufuria nyembamba inavyounguza wali kabla ya chungu. Inapinda, inapasuka, na pistoni nayo hulazimika kutoka nje kupita kiasi.

Namna ya kupima. Diski iliyotumika huwa na ukingo ulioinuka pembeni mahali pedi isipofika, kwa hiyo ukiweka rula kwenye ukingo utadanganyika utaona bado ni nene. Tumia kipimio cha mafundi chenye taya mbili. Kama taya zake ni fupi na zinagonga ukingo, chukua sarafu mbili zinazofanana, uziweke kila upande katika njia ya pedi, pima zote pamoja, kisha utoe unene wa zile sarafu. Pima mahali patatu au panne kuzunguka sahani. Kanuni yangu mimi ni hii: kama imebaki chini ya milimita moja juu ya kikomo, usifunge pedi mpya juu yake, kwa maana diski itafika kikomo kabla pedi hizo hazijafika nusu ya umri wake, na hakuna atakayefungua gurudumu kuangalia.

Ziko dalili nyingine za kuiondoa hata kama unene bado upo. Nyufa zinazofika ukingoni, hiyo itupwe leo leo. Madoa ya buluu yaliyotapakaa ni ishara kwamba imepata moto kupita kiasi. Mifereji mirefu ambamo ukucha unazama ni kazi ya mchanga au pedi iliyofika chuma. Na kama pedali inakupiga mguu juu chini unapofunga breki, ujue uso wa sahani haulingani tena. Hapo fundi atakuambia, "Tuipeleke ikakerezwe." Kukereza si vibaya, lakini mashine hula chuma. Muulize kwanza itabaki milimita ngapi. Ikitoka kwenye mashine chini ya kikomo, umelipia kazi ya kuharibu.

Unapokwenda kununua diski, nenda na ile ya zamani mkononi, pamoja na namba ya chesisi iliyonakiliwa kwenye kadi ya gari. Kusema tu "nataka diski ya Hilux" hakutoshi. Jina hilo limebebwa na magari ya vizazi vingi, yenye magurudumu ya mbele ya namna mbalimbali. Linganisha upana, kimo cha kofia, tundu la katikati na matundu ya bolti. Kama ya zamani ilikuwa ya tabaka mbili zenye nafasi ya kupitisha hewa katikati, mpya nayo iwe hivyo, na tabaka zake ziwe na unene ule ule. Inyanyue. Diski nyepesi kuliko ile iliyochakaa ina jambo inakuficha. Zile zilizotobolewa matundu mengi usoni, zinazopendwa na vijana, waachieni vijana. Kwa kazi yetu matundu hayo huwa mwanzo wa nyufa. Diski ya mtumba inaweza kununuliwa, tofauti na pedi, lakini kwa sharti moja: uipime hapo hapo dukani mbele ya muuzaji, na uione namba ya kikomo kwa macho yako.

Nunua za magurudumu yote mawili ya mbele. Kubadilisha upande mmoja kunalivuta gari kwenye upande wenye mshiko, na kwenye kona yenye korongo hujui litavuta kwenda wapi.

Katika kufunga, nitagusa yale tu yanayoharibu kazi nzuri. Vumbi la breki msilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta kansa na maradhi ya mapafu, na kwa macho huwezi kutambua ipi inayo na ipi haina. Lowesheni kwa maji na mfute kwa kitambaa cha kutupa. Diski mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu, hivyo ioshwe kwa maji ya moto na sabuni na kukaushwa vizuri. Mahali inapokalia pasuguliwe kutu yote, kwa sababu hata punje ndogo ya kutu hapo huifanya sahani icheze. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake zisafishwe na kupakwa grisi maalumu ya breki, maana grisi ya kawaida huvimbisha mpira. Ukikuta pedi ya ndani imekwisha na ya nje bado nene, pini zimeganda au pistoni imekwama, na pedi mpya hazitaponya ugonjwa huo. Mafuta ya breki nayo hunywa maji ya hewani polepole, na yakishakuwa na maji huchemka upesi, kwa hiyo kila baada ya miaka miwili yamwagwe yatiwe mapya.

Kazi ikiisha, kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama hadi chini, kwa kuwa pistoni zilirudishwa ndani. Watu wamegonga ukuta wa gereji kwa kusahau hili.

Kisha pedi na diski zizoeane. Nenda mahali tambarare pasipo na watu, gari likiwa tupu. Fika mwendo wa kilomita 50 au 60 kwa saa, punguza kwa breki mpaka 20 bila kusimama, ongeza tena. Fanya hivyo mara nane hadi kumi, halafu endesha taratibu bila kugusa breki sana mpaka zipoe. Usipakie kabichi siku ile ile ukashuke Soni.

Nimalizie na jambo moja ambalo mafundi wengi hawalitaji. Pikapu nyingi zina valvu karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono mdogo unaopanda na kushuka kadiri mzigo unavyolikandamiza gari. Kazi yake ni kuzipa breki za nyuma nguvu zaidi gari likijaa. Sasa sisi tunaongeza majani ya springi ili gari lisikae chini. Valvu ile inadanganyika, inadhani gari ni tupu, breki za nyuma zinapewa nguvu kidogo, na kazi yote inabaki kwa pedi za mbele. Hata pikapu yangu ilikuwa hivyo mpaka fundi mmoja mzee aliponionyesha. Ukiongeza springi, fundi aurekebishe na mkono huo. Ukiukuta umefungwa kwa waya, ufunguliwe.

Muda wetu umekwisha. Wenye maswali waandike, na wataje aina ya gari, mwaka wake na mzigo wanaobeba. Wiki ijayo tutafungua drami za nyuma tuangalie viatu vya breki na breki ya mkono. Kwaherini.